Bunduki za Kuazima

Kwetu huku, mtu akija kwako mwezi wa tano, wakati hakuna uwindaji wowote, akakwambia, "Jirani, niazime bunduki yako, mbweha wananisumbua," usimuulize mbweha gani. Hakuja kwa ajili ya mbweha. Amekuja kwa ajili yako. Amesikia mkeo kakukimbia, au benki imechukua shamba, au una wiki nzima hujafungua pazia, na anaogopa kukuacha peke yako na silaha ndani ya nyumba. Wewe unajua, naye anajua kwamba unajua. Unasema tu, "Chukua." Naye anasema, "Nipe zote, bwana, mbweha ni wengi." Mnabeba mpaka kwenye pikapu yake huku mkiongea habari za mvua, yamekwisha.

Kuzirudisha nako kuna utaratibu wake. Mwenye mali akishapata nafuu huja mlangoni akauliza, "Mbweha wamekwisha?" Jibu ni moja tu: "Wamekwisha, ingia uchukue." Humuulizi kama amepona, humuulizi kama analala, humpeleki kwa mchungaji. Alikupa kwa sababu ana hakika atarudishiwa siku atakayotaka yeye. Babu yangu aliazima hivyo, na baba yangu aliazimisha hivyo mwaka mvua ya mawe ilipoilaza ngano yake yote. Katika Kaunti ya Tamarack sikuwahi kusikia mtu aliyejibu vingine, mpaka nilipojibu mimi.

Jina langu ni Marlys Kettner. Tunalima ngano, mimi na mume wangu Vern, na kwa miaka mingi nilikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye bunduki cha kaunti. Watu wa ng'ambo ya milima, kwenye miji mikubwa ambako sheria za jimbo zinatungwa, wakisikia chama kama hicho wanadhani ni wanaume wenye ndevu wanaokunywa bia na kufyatulia makopo risasi. Haya, mwenyekiti wao alikuwa bibi mwenye wajukuu, mikutano tulifanyia ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, na pai ya tofaa haikukosekana hata siku moja. Lakini mdomo ninao, sikatai. Vern husema nikianza kuongea hata trekta linajizima lenyewe.

Mwaka ule wakubwa wa jimbo walileta muswada. Ulisema mtu asimkabidhi mwenzake bunduki, hata kwa siku moja, mpaka wote wawili waende kwa muuzaji mwenye leseni, wachunguzwe, waandikwe. Ndugu wa damu tu ndio walioachwa. Tulikuwa tumeshapigana nao juu ya ile sheria nyingine, ya hakimu kutoa amri mtu anyang'anywe silaha akionekana hatari. Ile ilitushinda, ikapita, nasi tukapitisha azimio letu la kaunti kwamba hatuitambui. Azimio hilo nililiandika mimi, kwa mkono wangu. Sasa wametuletea hii. Nikasimama chamani nikauliza, "Mtu yuko karibu kujiua, nimwambie nini? Panda gari twende tukapange foleni dukani?" Watu wakacheka.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Kabatini kwangu, nyuma ya makoti ya baridi, kulikuwa na bunduki zote za Orrin Tveit, jirani yetu. Mkewe Joyce alikufa kwa saratani mwezi wa kwanza. Orrin alikuwa mtu wa utani, wa kukuchokoza mpaka ibadani. Baada ya mazishi akawa anakaa jikoni na taa imezimwa. Nikamwendea na habari zangu za mbweha. Akanitazama, akasema, "Mbweha na theluji yote hii, Marlys?" Nikamwambia, "Wa mwaka huu hawana adabu." Akatabasamu kidogo, akaenda kufungua kabati.

Siku ya kamati ya bunge kusikiliza wananchi tulikodi basi, tukavaa kofia zetu za kuwindia za rangi ya chungwa, tukavuka milima. Orrin alikuja nasi. Sikumwomba. Alisema amechoka kusikiliza saa ya ukutani.

Ukumbi ulijaa. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikawapa vidonge vyao. Nilisema, "Bunduki ya mtu haitoki mkononi mwake ila aitoe mwenyewe. Siku akiitaka, arudishiwe. Yeye ni mtu mzima. Hakuna jirani, hakuna hakimu, hakuna serikali yenye haki ya kumuuliza kwanza." Wenzangu wakapiga makofi mpaka wakaonywa. Kichwa kikanivimba, kweli tupu.

Seneta mmoja, mama mpole wa mjini, akaniinamia kutoka kitini pake. "Mama Kettner, sijakuita nikubishie. Nataka kuelewa. Sheria hii itamuumiza nani? Nitajie mtu mmoja tu."

Ningeweza kumtungia mtu. Ningeweza kusema "jirani fulani, zamani." Lakini makofi yalikuwa bado masikioni, na nilitaka ashindwe kabisa. Nikasema, "Nyumbani kwangu sasa hivi ninazo bunduki za jirani yangu aliyemzika mkewe mwezi wa kwanza. Alikuwa anakaribia kujiua. Nilizichukua yeye mwenyewe akiridhia, na kwa sheria yenu mimi ningefungwa."

Nyuma yangu kiti kikalia. Sikuhitaji kugeuka. Kila mtu wa Tamarack aliyekuwa mle alijua ni nani aliyemzika mke mwezi wa kwanza. Tulikuwa tumepanga mstari kaburini sote. Neno ambalo kwetu halitamkwi juu ya jirani hata jikoni, nilikuwa nimelitamka mbele ya kamera.

"Mpe pole zangu," akasema yule seneta. "Na akija kuzitaka kabla hajapata nafuu?"

"Nitampa," nikajibu. "Ni zake."

Kwenye basi Orrin alikaa siti ya nyuma na kofia usoni. Hakuna aliyeimba, na sisi huwa tunaimba.

Siku chache baadaye akagonga mlango. Amenyoa, shati limepigwa pasi, na mkononi ana sanduku la vifaa vyote alivyowahi kuazima kwa Vern tangu enzi na enzi, vimesafishwa, vimepakwa mafuta. Vern akafurahi kama mtoto. "Hii spana nilidhani ardhi imeimeza."

"Ni yako, nimekuletea," akasema Orrin.

Mimi nilikuwa natazama nyuma yake, kwenye pikapu, pale mbwa wake hukaa siku zote. "Mbwa yuko wapi?"

"Nimempa binamu yangu. Ana watoto, watacheza naye."

Huyu ndiye mtu aliyekuwa akila kwa zamu na yule mbwa, tonge lake, tonge la mbwa, Joyce akimgombeza. Nikaona huyu anaaga. Vern naye akaiweka spana mezani polepole.

"Mbweha wamekwisha, Marlys?" akauliza Orrin.

"Bado wapo," nikasema.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Hilo silo jibu lake."

"Najua."

"Ulisema kule utanipa. Ulisema mimi ni mtu mzima."

"Nilisema."

"Sasa ulikuwa unamsema nani?"

Akavuta kiti, akakaa, akaomba simu ya mezani, akampigia sherifu.

Sherifu wetu, mkuu wa polisi wa kaunti, ni Gus Odegaard. Alikuwa ameapa hadharani, chini ya bango nililoshona mimi, kwamba hatamnyang'anya raia bunduki kwa sheria za ng'ambo ya milima. Alikuja, akavua kofia, akasikiliza pande zote mbili, akanivutia barazani.

"Mali ni yake, Marlys. Ukizing'ang'ania ni wizi, na mimi nitakuwa nimekusaidia."

"Mwangalie basi, Gus. Kampa mtu mbwa wake."

"Nimemwangalia. Lakini macho yangu siyo sheria." Akaizungusha kofia mikononi. "Ipo njia moja. Unaijua."

"Usiitaje."

"Anayemjua akiapa mbele ya hakimu, hakimu anasikiliza leo leo. Zinakaa kwangu mwaka mmoja. Au unampa sasa hivi, kama ulivyosema kwenye televisheni. Mimi la tatu sina."

Nilisimama pale barazani nikaona kila nilichowahi kukisimamia. Azimio langu lilisema hakimu asiyemjua mtu hana la kusema juu yake. Bado naliamini. Niliamini pia kwamba nikimrudishia Orrin mali yake, kama ilivyo desturi, tutamzika pembeni ya Joyce kabla ya wiki kwisha.

Nikarudi jikoni, nikakaa mbele yake. "Orrin. Nikikupa, Jumapili utakuwepo?"

Ilikuwa rahisi kunidanganya. Neno moja tu, ndiyo, na mimi ningebanwa na maneno yangu mwenyewe, ningezitoa. Akaitazama ile spana. Hajawahi kunidanganya yule mtu.

"Sijui," akasema.

Nikachukua mkoba wangu. Mahakamani karani alikuwa mwanachama wetu, mwenye kofia ile ile ya chungwa. Alinisogezea karatasi kwa kidole kimoja, kama imechafuka. Nikainua mkono nikaapa, hakimu akatia sahihi. Kwenye gari la Gus nililia mpaka akasimama pembeni ya barabara akajifanya anakagua tairi.

Vern ndiye aliyempeleka Orrin hospitali jioni ile, na baadaye kwa yule binamu, kwa mbwa wake. Majira ya mavuno alirudi, akavuna ngano yake mwenyewe. Yupo. Kanisani ananipita kama anavyoipita nguzo ya ua. Bunduki zake alizifuata kwa Gus amri ilipokwisha, hakupita kwangu. Inaniuma, tena inaniuma sana, na kesho ningefanya vilevile.

Chama kilinitoa. Walinitoa kwa adabu, hata pai waliandaa. Mzee mmoja akaniambia, "Hatukuchukii, Marlys, ila hatuwezi kuongozwa na mtu aliyekwenda kuapa." Nikasema sawa, nikala pai yangu nikaondoka.

Na muswada ukapita. Ukapita na kifungu kimoja kipya, alichokiingiza yule seneta mpole kwa sababu ya mama aliyekuja kutoka ng'ambo ya milima, yaani mimi: mtu anaruhusiwa kukaa na bunduki za mwenzake, bila duka wala maandishi, ikiwa ni kumwepusha asijiue. Vern alinisomea gazetini wakati wa chai. "Umeshinda, Mwenyekiti," akasema. Alitaka nicheke. Nilimwomba alikunje lile gazeti.

Majira ya baridi yaliyofuata tukasikia habari za Clayton Rusk, mfugaji wa ng'ombe wa kule juu mtoni. Kijana wake aliteleza na gari kwenye barafu, hakutoka hai. Clayton akaacha kuja mjini kununua chumvi ya ng'ombe. Watu wakaulizana dukani nani atamwendea, kila mtu akatazama viatu vyake. Nikaenda mimi.

Akafungua mlango nusu. Nikaanza na mbweha, maana pengine pa kuanzia sipajui. Akaniacha nikamaliza.

"Hapana, Marlys."

"Kwa muda tu, Clayton."

"Orrin naye alidhani ni kwa muda. Wewe hurudishi."

Hakunifokea. Alisema kama mtu anayekutajia bei ya ngano. Nikamwambia, "Basi usinipe mimi. Mpe Vern. Mpe jirani yako yeyote."

"Na nitajuaje nani atarudisha?" akasema. "Zamani nilijua."

Nilitamani kumwambia kwamba sasa sheria inaniruhusu, imeandikwa kabisa, na imeandikwa kwa ajili yangu. Nikaona ni upuuzi kabla sijafungua kinywa. Theluji ilikuwa inaniingia shingoni. Nyuma ya bega lake niliona kabati la bunduki, na funguo ziko mlangoni.

"Kahawa unayo?" nikamuuliza.

"Ipo."

"Nitakunywa kahawa."

Akajisogeza pembeni nikapita. Nikavuta kiti, nikakaa kati yake na lile kabati. Nikampigia Vern nikamwambia asinisubiri, wala leo, wala kesho.