Pamba ya Bega

"Fundi, bega moja limeshiba, jingine limelala njaa!"

Mteja alijigeuza mbele ya kioo, akijicheka ndani ya koti lake jipya. Fundi alilibonyeza bega la kushoto. Likabonyea papo hapo. Ndani hamkuwa na pamba hata chembe.

Mwanafunzi wake, msichana aliyebandikwa jina la Pini kwa wembamba wake, aliinamia cherehani isiyo na uzi. Alijua fika pamba ilipo. Aliichomoa mwenyewe, akaishindilia kwenye chupa ya dawa zake za Ukimwi ili zisilie mkobani. Jirani alikwisha kuusikia mlio ule, na mtaa ukapata cha kusema. Tangu hapo Pini hakulala wala kula vizuri, na mwishowe hata dawa akaacha. Kliniki walimsihi amwone mshauri. Alikataa katakata. Kwa virusi wameshamsema, sasa aitwe na kichaa?

Mteja alipoliacha koti na kutoka, fundi akauliza polepole, "Mwanangu, pamba iko wapi?"

Kazi ndiyo hiyo imekwenda, Pini aliwaza. Akaiweka chupa mezani, kando ya mkasi na chaki, machozi yakimbubujika.

"Nimeacha kuzimeza, mama. Nimechoka kujificha. Siku nyingine natamani kusikuche."

Fundi alimvuta kifuani, akamkumbatia. Kisha akafungua droo, akatoa chupa yake mwenyewe na kuitikisa: chaka-chaka-chaka.

"Za presha hizi. Zinapiga kayamba mtaa mzima na hakuna anayeniuliza. Zako zimekosa nini hata uzizibe mdomo?" Akaichomoa ile pamba. "Halafu pamba yenyewe ya wizi!"

Pini akacheka huku analia, akamweleza na habari ya mshauri wa kliniki aliyekataa kumwona.

"Huyo mshauri yupo leo?"

"Yupo. Lakini watu watasema..."

"Waseme mpaka mate yawakauke. Vaa viatu."

Fundi akafunga duka mchana kweupe, wateja wakiwa bado wanakuja. Njiani kwenda kliniki chupa ya Pini ililia mkobani kwa kila hatua. Kwa mazoea, Pini aliubana mkoba kwapani. Fundi naye akaitikisa ya kwake, kama anayeitikia. Pini akauachia mkoba uning'inie, moyo umemjaa shukrani.

"Asante, mama."

"Asante zako ziweke. Kesho tuna bega la watu la kujaza."

"Kesho," Pini alirudia, taratibu, na hatua zake zikaendelea kulia.