Solo ya Ilpo Isiyojua Kuisha

Mtu akikwambia Ilpo Sarkkinen hakufika mbali kwenye muziki, mlete kwangu. Mimi Reijo nimempigia drams miaka arobaini na minane, tangu tukiwa vijana wa kiwanda cha karatasi hapa Kaislakoski mpaka leo tunakula pensheni, na upuuzi huo siuvumilii.

Gitaa lake la kwanza alilichonga mwenyewe darasani kwenye useremala, ana miaka kumi na minne. Lilikuwa zito kama mlango. Mwaka 1981 bendi kubwa ya Helsinki ilimwita. Alikaa wiki tatu, akarudi na basi la asubuhi.

"Kulikoni?" nikamuuliza.

"Kule watu hawachezi, Reijo. Wanasimama tu wanakukodolea macho."

Jumatatu akaingia zamu yake kiwandani kama kawaida. Wapo waliomcheka. Mimi nilifurahi mpaka nikajionea aibu.

Sasa ngoja niseme kuhusu solo yenyewe. Kwenye ukumbi wetu wa dansi kando ya ziwa, nyimbo hupigwa mbili mbili. Mwanamume anamwomba mwanamke dansi, wanacheza nyimbo mbili, kisha anamrudisha pale alipomtoa na kumshukuru. Ukimwacha mwenzako katikati ya wimbo, mji mzima utakusema mpaka uzeeni. Julai ya 1976, ndani ya wimbo wa pili, Ilpo akaingia kwenye solo na akapotea humo. Hakujua atokee wapi. Mimi namtazama yeye, yeye anatazama vidole vyake, dakika zinakwenda, tatu, tano, saba. Kule chini watu wameshikana na hakuna anayethubutu kuachia. Sisi watu wa huku si wasemaji, lakini ukimshika mtu dakika saba bila neno unajiona mjinga, kwa hiyo wakaanza kuongea.

Aune Lehtovaara, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, alinaswa na Toivo fundi saa, mtu aliyekuwa akimkwepa tangu barafu ya ziwa iyeyuke. Tulipomaliza alikuja jukwaani uso umemwiva.

"Nyie vijana mna wazimu? Watu huja hapa kucheza, si kufungwa pingu."

Mwezi wa kumi akaolewa na Toivo. Tangu hapo hakuna aliyetuambia tuiondoe ile solo, na kila Julai wimbo wa pili ni huo. Waulize wenye ndoa mjini hapa walianzia wapi, nusu yao watakutajia solo ya Ilpo. Niambie ni nani wa Helsinki anayeweza kusema hivyo.

Mwaka juzi kidole cha pete cha mkono wake wa kushoto kikaanza kujikunja kuelekea kiganjani. Baba yake alikuwa na ugonjwa huo, babu yake pia, na wanaume wengi wa rika letu wanao. Madaktari wakampasua, kikanyooka miezi minane, kikarudi kulekule. Mwezi wa sita mwaka huu, tukiwa sauna, akanionyesha.

"Safari hii solo hakuna," akasema. "Nyimbo zote napiga, ile naikata."

"Unaikata kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa ya hiki hapa."

"Si upige kwa vilivyobaki?"

"Nimejaribu. Inachechemea. Ndicho kitu pekee nilichowahi kuwapa watu hawa, Reijo. Sitaki kiwabaki masikioni kikiwa kimeharibika."

Nikamwita mzee wa kiburi. Akamwaga maji mengi kwenye mawe ya moto, mvuke ukanifunga mdomo.

Mkewe, Helvi, alinisindikiza mpaka getini. "Shemeji, usimsukume," akasema. "Kila asubuhi anajifungia kwenye banda la zana anaipiga. Akitoka hataki hata kahawa." Nilirudi nyumbani nina hasira na Ilpo, na huruma pia.

Jumamosi ya dansi ya Julai watu walijaa, jua bado liko juu ya ziwa. Tukapiga wimbo wa kwanza. Tukaingia wa pili, tukafika pale solo inapokaa, Ilpo akanipa ishara na tukaufunga. Dakika tatu tu. Hapo kwa desturi wanaume huwarudisha wanawake mahali pao.

Hakuna aliyesogea. Watu mia mbili wamesimama wameshikana, wanangoja. Ilpo akainama kukaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea. Mwishowe akasogelea kipaza sauti.

"Wimbo umeisha. Wa pili huo. Mnaweza kurudi."

"Haujaisha," sauti ikasema. Alikuwa Aune, miaka themanini na minne, amesimama peke yake katikati ya sakafu na fimbo yake. Toivo tulimzika majira ya baridi. "Naujua wimbo huu tangu huna hata ndevu. Goti linaniuma, Ilpo. Piga."

"Mama Aune, hiki kidole..."

"Sikuja kucheza na kidole chako."

Watu wakacheka chinichini. Ilpo akanigeukia, na kabla hajapata la kusema nikagonga vijiti mara nne.

Akaingia. Sitakudanganya, ilichechemea. Palipokuwa na sauti nne zikatoka tatu. Alikosea, akarudi, akatafuta njia nyingine juu ya shingo ya gitaa, akakaa muda mrefu kwenye sauti alizokuwa akizirukaruka ujanani. Watu wakaanza kuzunguka. Aune aliegemea fimbo yake kwa mkono mmoja, na mwingine akauinua hewani kwenye kimo cha bega la Toivo, akazunguka naye polepole. Nililia, na sikujificha.

Jambo moja sijawahi kumwambia mtu. Ilpo mpaka leo hajui kutoka kwenye ile solo. Mimi ndiye humtoa. Nikiona amechoka, napiga ngoma kubwa mara mbili, naye anarudi kwenye wimbo. Ilipofika dakika ya tisa akanitazama, jasho linamtiririka, kidole kimejikunja kabisa, ananiomba nimtoe. Nikaangalia kule chini. Hapakuwa na hata mkono mmoja ulioachiwa.

Nikamtikisia kichwa kumkatalia, nikaendelea kupiga.