Kibao cha Manowari Kozi

Kichochoro kinachotoka Msimbazi kuingia Mchafukoge hakikuwa na jina, na Beno, muuza vitenge, alitaka kipewe la babu wa baba yake: Kapteni Vitalis wa manowari Kozi. Ofisi ya mtaa ikamwomba Josepha, mtunza nyaraka mstaafu, ahakiki historia kabla kibao hakijachorwa.

Josepha alikisoma kitabu cha safari za Kozi kwa siku tatu, na kila ukurasa uliipunguzia manowari hiyo heshima machoni pake. Wajerumani waliiunda mwaka 1888, ikabebwa vipande vipande vichwani mwa watu hadi Ziwa Nyasa, na vita vya 1914 vilipofika ilikuwa karai la chuma lenye mzinga. Ilifyatua makombora kumi na moja. Tisa yaliangukia majini, moja likaua mbuzi, la mwisho likang'oa ukingo wa manowari yenyewe. Siku zilizobaki ilikuwa imekwama mchangani au inasubiri kuni, maana boila lake lilimaliza kuni za kutwa kwa mwendo wa saa mbili.

"Shikamoo, mama," Beno alisema siku ya kikao. "Kapteni umemwona?"

"Marahaba. Nimemwona. Alikuwa mkata kuni."

Hajira, mwenyekiti wa mtaa, aliangua kicheko. Yeye Myao, Beno Mngoni. Ni watani, hivyo hakuna wa kumzuia. "Wangoni bwana! Miaka yote mnatuambia mlizamisha meli, kumbe mlikuwa mnaangusha miti!"

"Nyamaza wewe, babu zako hata shoka walilikimbia."

Josepha hakucheka. Alifungua nakala yake ya kitabu cha safari, akasoma: "Juni 12, 1915. Tumekwama, adui anatupiga kutoka mlimani. Wakata kuni wote wametoroka isipokuwa Vitalis. Amekata peke yake mpaka jioni. Mvuke umepanda, tumeondoka." Akaifunga. "Watu thelathini na wawili waliokoka kwa shoka lake. Katika vita vyote vya karai lile, hiyo ndiyo kazi pekee ya maana. Andikeni 'Vitalis, Mkata Kuni', nitatia sahihi sasa hivi."

"Mtani," Hajira alisema, kicheko kimemkauka, "huyo si mtu mdogo. Mkubali."

Beno alitazama mlangoni, kana kwamba wateja wake walikuwa wanasikiliza. "Mimi niandike kwenye mizigo yangu 'Kichochoro cha Mkata Kuni'? Haiwezekani. Kama si kapteni, mtoeni."

"Kapteni hakuwepo wa jina hilo," Josepha alisema.

"Basi wekeni Kozi. Kozi tu. Hilo nalo uongo?"

Josepha alivuta fomu ya ombi la kibao. Aliwahi kukutana na watu waliowakana ndugu zao kwa njaa au kwa hofu. Huyu alimkana wake kwa ajili ya anwani.

"Hapana," alijibu. "Kozi ilikuwepo."

Akamkata Vitalis kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jina la karai juu yake, akatia sahihi.