Kinu cha Mstari Mwekundu

Barua ilikuwa na mistari sita, na mstari wa tatu ulikuwa na neno uzembe. Fundi aliisoma akiwa amesimama mbele ya tanuri, miwani imemshuka puani, kisha akairudia kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, maana hakuamini macho yake. Miaka ishirini na mitatu anaoka vidonge katika maabara ile, hajawahi hata kusahau kufunga bomba la maji, leo anaitwa mzembe. Kamati ingekaa kesho yake saa nne, ikishaafiki angeondolewa kwenye tanuri na kupelekwa stoo ya viti. Chini kabisa, kwa wino wa bluu, ilikuwapo sahihi ya Daktari, mkuu wa maabara.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Hasira, ndiyo, wala tusiitafutie jina la heshima.

Wanafunzi walimwita Mama Kinu kwa sababu ya vinu vyake viwili vya kaure. Kimoja kilikuwa na mstari mwekundu ukingoni, alioupaka mwenyewe kwa rangi ya kucha. Hicho kilikuwa cha kusagia feraiti, ule unga mweusi wenye kutu ya chuma ndani yake, unaookwa ukawa sumaku kama ile iliyo nyuma ya spika ya redio. Kingine kilikuwa cheupe tupu, cha vidonge vya baridi. Hivyo hutengenezwa kwa oksidi ya shaba na madini mengine mawili, vikaokwa siku mbili, na vikimwagiwa naitrojeni ya maji, yenye baridi kupita barafu, umeme hupita ndani yake bila kukwama hata chembe. Ukiweka sumaku juu ya kidonge cha namna hiyo, huelea hewani, haishikwi na mtu. Fundi alikuwa ameiona ikielea mara mia kadhaa na bado kila mara alitabasamu.

Sasa, feraiti na vidonge vya baridi vyote ni oksidi, vyote hutoka tanuri lile lile vikiwa vyeusi, na ukivitia kiganjani huwezi kujua kipi ni kipi. Lakini havipatani. Chuma kidogo kikiingia kwenye unga wa vidonge vya baridi, kazi imekwisha. Utamwaga naitrojeni mpaka uchoke, umeme utakwama, na sumaku italala pale juu kama jiwe lolote la barabarani. Ndiyo maana kila aliyeingia mlango ule, awe profesa awe mfagiaji, alifundishwa sheria moja kabla ya kuonyeshwa choo kilipo: chekundu kwa feraiti, cheupe kwa baridi, na kuosha kwa maji si kuosha. Kaure ina vishimo visivyoonekana, na chuma hujificha humo. Kinu husafishwa kwa asidi, na kwa kusaga mchanga mweupe mara tatu.

Wiki iliyotangulia walikuja wageni wenye suti, wale ambao wakipenda wanachokiona maabara hupata mashine mpya. Daktari alivaa koti lililopigwa pasi, akamwaga naitrojeni, moshi mweupe ukatanda mezani, wageni wakasogea. Akaweka sumaku juu ya kidonge. Sumaku ikalala. Akabadilisha kidonge, ikalala. Cha tatu, ikalala fofofo. Mgeni mmoja aliuliza kwa upole kama ingefaa wanywe chai kwanza. Daktari akacheka kicheko cha kuazima, akasema tatizo liko kwenye usagaji, na anayesaga ni yule pale. Akamnyooshea Fundi kidole mbele ya watu wote.

Kidole kile Fundi alikifahamu. Kilikuwa na kovu karibu na ukucha, la pasi ya mkaa, alilolipata akiwa na miaka minne. Fundi ndiye aliyekipuliza kidole hicho usiku kucha huku mwenyewe akilia kuliko aliyeungua. Daktari alikuwa mdogo wake, tumbo moja, baba mmoja. Na katika jengo lile zima hapakuwa na mtu aliyejua.

Haikuwa siri ya kutaka kwake. Daktari aliporudi na shahada yake na kupewa maabara, alikuja jikoni kwa dada yake, akakaa kwenye kibao kama zamani, akamwomba jambo moja. Kazini yeye angekuwa Daktari tu, na dada angekuwa Fundi tu, watu wasije wakasema amebebwa au anabeba. Fundi alikubali bila kinyongo. Aliona ni adabu ya kazi. Yeye ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Yeye ndiye aliyemfundisha kuandika, kwa kipande cha mkaa, sakafuni, na kumchapa vidole kila alipoandika saba bila kuikata kiunoni kwa kistari. Alijua anachokificha, na alikificha kwa fahari kwa miaka tisa.

Asante ya punda ni mateke, basi, lakini punda hakusomeshwa na mtu.

Alikwenda ofisini kwa Daktari na barua mkononi. Alikwenda kama dada, akafunga mlango, akamuuliza kwa sauti ya nyumbani kama hiki ni kitu cha kumfanyia yeye. Daktari hakuinua macho kwenye kompyuta. Alieleza kwamba wageni wanataka maelezo ya maandishi, na maelezo lazima yawe na mtu. Stoo ya viti si jela. Fundi amebakiza miaka miwili astaafu, ilhali mkuu wa maabara akichafuka, maabara nzima inachafuka. Aliyapanga vizuri, mtu angedhani ameyasoma mahali.

"Mimi sikukosea kusaga," Fundi alisema.

"Fundi, taratibu zifuatwe," alijibu Daktari.

Kumwita Fundi, ndani ya mlango uliofungwa, wakiwa wawili. Alitoka bila kuaga. Kwenye korido alipishana na mwanafunzi aliyemwamkia, naye akaitikia marahaba kwa meno yaliyofungana, mwanafunzi wa watu akabaki akijiuliza amekosa nini.

Sasa, Fundi alikuwa na desturi yake, na watu walikuwa wakimcheka kwayo. Kila unga uliosagwa katika maabara ile, kabla haujatiwa tanurini, ulitoa akiba: kiasi cha kubanwa kwa vidole viwili, ndani ya kichupa cha kioo, na lebo yenye tarehe. Vichupa vilijaa rafu nne. Wenzake walisema Mama Kinu anaweka mbegu za kupanda. Yeye aliwajibu kwamba kidonge kikishaokwa hakisemi tena kilikula nini, ila unga husema.

Akavuta kiti mbele ya rafu. Alichukua karatasi nyeupe na sumaku nene ya feraiti. Akaanza na vichupa vya mwezi ule, kimoja kimoja: unga kidogo wa kijivu juu ya karatasi, sumaku chini yake, halafu kuisogeza polepole. Unga wa vidonge vya baridi hauna habari na sumaku, hutulia tu. Cha kwanza kilitulia. Cha pili kilitulia. Alipofika cha sita, ndani ya ule ukijivu vijichembe vyeusi vilisimama wima kama nywele za mtu aliyeshtuka, na kila sumaku ilipokwenda, navyo vikaifuata.

Aligeuza kichupa. Lebo ilisema tarehe kumi na saba, na ile saba ilikuwa imekatwa kiunoni.

Kwanza moyo ulimpasuka, maana mwandiko ulikuwa wake. Akakaa pale anautazama, akijiambia kumbe kweli, kumbe uzee. Halafu akaikumbuka tarehe kumi na saba.

Siku hiyo mama yao alikuwa anapasuliwa jicho. Fundi alikuwa hospitali tangu alfajiri, kwenye benchi la mbao, na pochi mapajani. Ndani ya pochi ulikuwamo ufunguo wa kabati lenye kinu cheupe, alioubeba kwa kusahau. Mama alipotolewa, jicho limefungwa bandeji, kitu cha kwanza alichouliza ni mwenzio yuko wapi. Akauliza tena alipokunywa maji, na tena walipokuwa wakingoja dawa. Mara zote tatu Fundi alimtetea. Yuko kazini, mama, ana wageni wakubwa wanakuja, ana kazi nyingi.

Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii. Wageni wanakaribia, vidonge havitoshi, fundi hayupo, kabati limefungwa. Angeweza kupiga simu moja tu, Fundi angemletea ufunguo mbio. Lakini kupiga simu kungemlazimu aulize mama anaendeleaje, na pengine aende. Akachukua kinu cha mstari mwekundu, akakiosha kwa maji, akasaga. Daktari mzima, mwenye shahada ukutani, akakiosha kwa maji. Na kwa kuwa mkono ukishazoea hausahau, akaweka akiba kwenye kichupa, akaandika tarehe jinsi alivyofundishwa.

Fundi hakulia. Aliviweka kichupa, karatasi na sumaku kwenye mfuko wa koti lake, akaenda kwa afisa utumishi kuomba nakala ya fomu moja.

Kesho yake saa nne kamati ilikaa katika chumba chenye feni inayolia. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwenye daftari jembamba, aliyetoka idara nyingine na asiyejua feraiti wala kinu. Afisa utumishi aliketi pembeni. Daktari alieleza kwa ufupi, kwa masikitiko ya kupimwa, kwamba Fundi ametumikia vizuri lakini umri nao una mambo yake. Aliposema umri, Fundi alishika ukingo wa meza mpaka vidole vikageuka rangi.

Zamu yake ilipofika hakuhutubia. Alitandaza karatasi, akamwaga unga, akapitisha sumaku chini. Mwenyekiti aliinama, akatazama vijichembe vikisimama na kulala, akaomba aonyeshwe tena. Fundi akaeleza kwamba huo ni unga wa vidonge vilivyowaaibisha mbele ya wageni, na umesagwa kwenye kinu cha feraiti kilichooshwa kwa maji matupu.

"Hilo ndilo ninalolisema," Daktari aliingilia, na sauti yake ilikuwa na nafuu. "Tazameni lebo. Mwandiko ni wake, kila mtu katika maabara anaujua."

Mwenyekiti akailinganisha lebo na tarehe alizoandika Fundi kwenye daftari la mahudhurio. Saba zilifanana kama mapacha. Akamtazama Fundi, akangoja.

Fundi akatoa fomu ya ruhusa. Akaisukuma mezani. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, kama wasomavyo watu waliozoea makaratasi: ruhusa ya siku nzima, tarehe kumi na saba, sababu ni kumuuguza mama mzazi anayefanyiwa upasuaji. Imeidhinishwa na Daktari.

Feni ikaendelea kulia. Daktari alikuwa akiitazama sahihi yake mwenyewe. Alikuwa ameitia haraka, siku mbili kabla ya tarehe hiyo, kati ya barua mbili nyingine, bila kusoma sababu, au kwa kuisoma na kuipita.

"Kwa hiyo siku hiyo hukuwapo," Mwenyekiti alisema. "Nani mwingine anaandika hivi?"

"Niliyemfundisha mimi."

Mwenyekiti hakuelewa, akairudia fomu. Hakuwa na ubaya, alitaka tu mambo yakae sawa kwenye daftari lake. Aliuliza kama huyo mama hakuwa na mtoto mwingine wa kukaa naye hospitali, hadi fundi pekee wa maabara aondoke wakati wageni wako njiani.

"Da'Mkubwa, basi," alisema Daktari.

Lilimtoka lenyewe, jina la nyumbani la dada yake, kwa sauti ya mtoto aliyeshikwa sikio. Miaka tisa halijapata kusikika katika jengo lile. Afisa utumishi aliacha kuandika. Mwenyekiti akamgeukia Daktari, kisha Fundi, kisha akawatazama wote wawili kwa pamoja, paji la uso na paji la uso, na pale penye macho akakaa kidogo.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Alikuwa ameyapanga njiani, ya mkaa, ya shule, ya kidole kilichoungua, na yalikuwa mabaya. Yote akayaacha, likabaki moja.

"Anaye mwingine," alimwambia Mwenyekiti. "Wa kiume. Siku hiyo mama alimuulizia mara tatu, nikamjibu yuko kazini."

Akakichukua kichupa, akakiweka mbele ya mdogo wake, lebo ikimtazama yeye.

"Kumbe sikumdanganya."