Sitima, Karani na Lori Lisilo na Magurudumu

Mimi nilimchukia Wanyoike kabla hajashuka kwenye lori lake. Sioni haya kusema hivyo, maana baadaye tulielewana na yeye mwenyewe anajua.

Nyumbani kwetu ni bondeni, chini ya Matulo. Barabara inaachana na lami kule juu, inashuka vizuri mpaka kwenye kijito, halafu inageuka tope. Mvua za mwezi wa nne zikianza, magari yanazama pale, na mimi ndiye ninayeyatoa. Nina maksai wawili, Sitima na Karani. Tumetoa malori ya miwa, tumemtoa mchungaji mara tatu, na kuna siku tulitoa gari la harusi huku bibi harusi akiwa ndani anakula ndizi bila wasiwasi wowote. Mgeni akiuliza njia huku kwetu huambiwa, ukikwama, itisha Mama Edah.

Sitima alipata jina lake kwa sababu ya nguvu. Karani nilimpa jina la kazi ya mume wangu. Levi alikuwa karani wa serikali mjini Bungoma kwa miaka thelathini na mmoja, na yule ng'ombe tangu akiwa ndama hakufanya jambo lolote kabla ya kulitazama kwanza kwa makini, upande huu na upande ule. Nikasema, huyu ni karani kabisa. Levi alininunia siku mbili.

Lakini ni kweli. Levi amestaafu ila ukarani haujamtoka. Kila jambo analiandika kwenye kikaratasi na kukitia kwenye mfuko wa shati. Ukimtuma chumvi anaandika chumvi. Jambo likishafanyika, analiwekea tiki. Anapenda sana kukukumbusha kwamba hakuwahi kupoteza faili hata moja, hata kama umemuuliza tu kama chai ina sukari.

Basi ni yeye aliyeleta habari za lori hilo. Alikuwa ameliona Mabanga, siku ya maonyesho ya wakulima, akarudi macho yanamng'aa.

"Mama Edah, hiyo gari haina tairi!"

"Si basi imeharibika?"

"Wapi! Ametoa tairi zote nne, akaweka mikanda ya mpira. Kama katapila, lakini ya mpira. Inapita kwa tope kama ni sebule."

Mwenye lori alikuwa huyo Wanyoike, fundi kutoka Kitale, ambaye babu yake alihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Mikanda aliinunua ikiwa kuukuu kutoka kwa shamba moja kubwa lililofungwa, akakaa nayo miezi minane akiirekebisha mpaka ikakubali lori lake. Wiki iliyofuata alikuja bondeni kwetu kubeba maziwa na vitunguu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya njia, maksai wamefungwa nira, tayari. Pale ambapo gurudumu lingekuwa, kulikuwa na kitu cha pembe tatu: juu gurudumu la chuma lenye meno, chini vigurudumu vidogo vimepangwa, na mkanda mpana wa mpira umevizunguka vyote. Lori liliingia kwenye tope, halikupunguza mwendo, likatoka upande wa pili. Akapiga honi. Watu wakashangilia, na Levi akashangilia kuliko wote.

Wanyoike akashuka na kunijia, kijana mwenye adabu, jambo lililonikera zaidi.

"Habari ya leo, mama? Sasa hao ng'ombe utapumzisha. Mimi nitakuwa napita kila Jumanne na Jumamosi."

Nilimwambia ng'ombe wangu hawajachoka. Akacheka, akidhani ni utani.

Wiki tatu zikapita bila mtu kuniita. Kila mwenye mzigo alimngoja Wanyoike. Sitima na Karani walishinda wakila nyasi, na Levi alishinda akihesabu nyasi hizo. Alisema ng'ombe wa maziwa ana mimba na malisho hayatoshi. Alisema Sitima ana miaka kumi na miwili sasa. Nilijua anaelekea wapi, lakini nilidhani ataishia njiani kama anavyofanya na mambo mengi.

Hakuishia njiani. Jioni moja aliingia jikoni na kusimama mlangoni.

"Jotham wa Lwakhakha atakuja Jumamosi kuchukua hao wawili."

Jotham ananunua ng'ombe wa kuchinjwa. Bondeni kwetu hakuna asiyemjua.

"Umemkubalia?"

"Nilimpa neno langu pale kituo cha maziwa. Watu watatu walikuwa wanasikia."

"Si uende uchukue hilo neno lako urudi nalo!"

"Mama Edah, neno si sufuria, ati umeazima mtu leo, kesho unaitisha."

Nililia. Sikusingizia moshi, nililia mbele yake nikiwa nimeshika mwiko. Wale ng'ombe niliwafundisha mimi, kwa mdomo wangu, tangu walipokuwa wadogo. Levi alinitazama, akaenda kulala. Jambo moja nalijua kuhusu mume wangu: akishasema mbele ya watu, heri afe kuliko kuonekana amegeuka.

Na lori la kuwabeba lingekuwa lipi? La Wanyoike, bila shaka. Mvua ile, hakuna lori jingine ambalo lingefika. Alhamisi Levi alipanda mpaka kwenye lami kupanga naye safari. Alirudi, akala, akaandika kitu kwenye kikaratasi chake, akalala.

Ijumaa ni siku yangu ya kutandika matawi. Msimu wa mvua, kila Ijumaa, nakata matawi ya mikaratusi na mabua ya mahindi, nayalaza kwenye tope ili kesho yake watu wa soko na bodaboda wapate pa kukanyaga. Mama yangu alifanya hivyo kabla yangu, na kila bonde huku linafanya hivyo. Nilikuwa nimeshika panga nilipomwona Levi anakuja amevaa gambuti. Gambuti hizo nilimnunulia alipostaafu na zilikuwa bado zinanukia duka.

"Leo nakusaidia," akasema.

Nikaendelea kukata. Alikata, akabeba, akatandika, jasho linamtoka. Tena alichagua yale makubwa.

"Hiyo ni nene sana," nikamwambia.

"Weka tu. Tope imezidi."

Nikajua dhamiri inamsumbua. Nikamwacha abebe, na kusema kweli nilimwonyesha hata mengine yaliyokuwa mbali.

Jumamosi asubuhi niliwaosha Sitima na Karani, nikawapaka mafuta kwenye pembe. Yapata saa nne lori lilisikika likishuka. Jotham alikuwa amekaa mbele na Wanyoike, kamba begani. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni kama kawaida. Nikashika pembe ya Karani.

Lori likaingia kwenye tope. Lilipofika katikati tukasikia kitu kinavunjika, kaa! Tawi moja nene lilikuwa limeingia kati ya mkanda na vile vigurudumu. Mkanda wa mbele, kushoto, ukapanda, ukapinda, ukavuka meno, ukavuka kila kitu, ukavuka hadi nje kama soksi ya mtoto. Lori likainamia upande na kusimama.

Wanyoike akaruka chini, tope mpaka magotini.

"Nani ameweka hii miti? Hii mikanda haitaki miti, bana! Tairi inataka, mikanda haitaki!" Akamgeukia mume wangu. "Mzee Levi, si nilikuambia Alhamisi vile matawi ya wiki jana karibu yatoe mkanda? Si nilisema uambie mama asiweke kitu hapa?"

Levi akashika mfuko wa shati, akatazama mawingu.

"Uzee, kijana yangu. Ilinitoka."

Nilimkodolea macho. Mtu anayekumbuka bei ya misumari ya mwaka wa tisini na nane, leo ati imemtoka! Na lawama zote zikabaki kwangu, watu wananitazama kama mwanamke mwenye kisasi. Nilitamani ardhi inimeze, ila ardhi yenyewe ilikuwa imeshika lori.

Wanyoike hakupoteza wakati. Aliweka ubao chini ya jeki, akainua lori kidogo, akalegeza boliti ya kukazia, akaingiza ukingo wa mkanda kwa mtaimbo. Kilichobaki kilikuwa lori lisogee polepole ili mkanda upande wenyewe kwenye meno. Akamwambia Jotham ashike mtaimbo, akawasha injini, akatia gia. Lori likashtuka, mkanda ukaruka. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu mtaimbo ulimponyoka Jotham na kupita karibu na sikio lake. Hata gia ndogo kabisa ilikuwa na haraka.

Kule Mlima Elgon mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi. Kijito chetu kikijaa hakiulizi mtu, kingelimeza lori lile mpaka kwenye kiti. Wanyoike alilitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mtu aliyekaa miezi minane gerejini. Akanijia akiwa amejaa tope, kofia mkononi.

"Mama, hao ng'ombe wanaweza kuvuta pole pole? Lakini pole pole kabisa. Kidole kimoja, wasimame. Kidole kingine, wasimame."

Nilitaka kukataa. Nisijifanye mtakatifu, nilitaka kumwambia aombe honi yake imsaidie. Lori hilo lilikuja kuwapeleka ng'ombe wangu kwa kisu, na sasa linataka wao ndio walitoe. Lakini tangu nianze kazi hii sijawahi kumwacha mtu kwenye tope. Nikafunga nira, nikaunga mnyororo mbele ya lori.

Karani alilitazama lori upande huu, akalitazama upande ule. Nikasimama mbele yao na kuwasemesha kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mgonjwa ale. Wakainamisha shingo, mnyororo ukakazika, lori likasogea upana wa kidole.

"Ngoja!" akaita Wanyoike, amelala kifudifudi kwenye tope na mtaimbo. Nikawagusa pua, wakasimama. "Jino moja limeingia! Tena, mama!"

Jino la pili. La tatu. Hakuna aliyepiga kelele ukingoni. Sitima alikuwa anatetemeka mapaja kwa kuzuia uzito, maana kuvuta ni rahisi, kusimama katikati ya kuvuta ndiko kugumu. Lilipoingia la mwisho mkanda ulilia kwa sauti nzito, ukakaa mahali pake. Wanyoike akakaza boliti, akainuka, akanyanyua mikono. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikaweka uso wangu kwenye shingo ya Karani.

Lori lilitoka. Watu walikuwa wameshayaondoa matawi yote njiani. Jotham akaenda kwenye ukingo, akaketi kwenye jiwe na kuanza kuizungusha kamba yake mkononi, taratibu, mpaka ikawa duara dogo. Halafu akaja mbele ya Levi, na wale watu watatu walikuwepo.

"Mzee, mimi nanunua ng'ombe tangu nikiwa na nywele. Hawa sichukui. Hii ni mafundi. Nikipeleka fundi kwa kisu, nitalala aje?"

"Lakini nilikupa neno langu," Levi akasema, kifua mbele.

"Na mimi nimekurudishia. Ichukue tu."

"Kumbe neno linarudishwa," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Kama sufuria."

Watu wakacheka mpaka Jotham akashika ubao wa lori. Levi hakucheka. Alikuwa anafuta miwani yake, na aliifuta muda mrefu mno kwa miwani iliyokuwa safi.

Wanyoike akauliza kama Jumanne na Jumamosi naweza kuwa karibu, kwa sababu mikanda itatoka tena, hiyo anaijua, na kwenye mabonde mengine atahitaji miguu yenye subira. Akasema kutoka Kitale atakuwa akiwaletea ng'ombe nyasi kavu, marobota mawili kila safari. Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria.

Jumatatu nilifua nguo. Nilipofika kwenye shati la Levi nikaingiza vidole mfukoni, maana vikaratasi vyake hugeuka uji kwenye maji na kuchafua nguo zote. Nikatoa kimoja. Kilikuwa na mistari miwili, kwa ule mwandiko wake wa ofisini:

*Alhamisi. Kumwambia Mama Edah asiweke matawi, mikanda itatoka.*

*Ijumaa. Kumsaidia Mama Edah kukata matawi. Yawe manene.*

Mstari wa pili ulikuwa na tiki. Wa kwanza haukuwa nayo.

Nilikaa kwenye jiwe la kufulia, sabuni inakauka mikononi. Kule kwenye boma nilimsikia akiongea na Karani, akimwuliza kama nyasi za Kitale zitakuwa tamu, kisha akinyamaza kana kwamba anangoja jibu. Niliingia ndani, nikatafuta kalamu, nikauwekea tiki mstari wa kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa nimeambiwa. Shati lilipokauka nilikirudisha kikaratasi mfukoni.