Kipimo Kisicho na Alama

Suruali za mume wangu zilianza kumkaa vizuri mno. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka.

Alikuwa fundi cherehani. Nami, kama wateja, nilimwita Fundi, na kama mafundi wengi alivaa ovyo. Sasa kila suruali ilimshika kiunoni kama imetoka kwenye kioo cha duka. Akafuga na ndevu. Nilipomuuliza za nini, alisema wembe umekuwa mkali kuliko ulimi wangu. Tena siku hizo alitoka mara kwa mara kununua uzi, na uzi huo sikuuona.

Dukani tulikuwa watatu: yeye kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo na pindo, na dada yake, wifi yangu, kwenye pasi. Vipimo vya wateja Fundi aliviandika kwa chaki ndani ya mlango wa kabati la vitambaa. Hakutumia tarakimu. Alitumia herufi, kila herufi badala ya tarakimu moja. Kiuno cha mtu ni siri yake, alisema. Mwenye tumbo hapendi jirani alisome akija kuchukua gauni. Kila Januari alibadilisha herufi zake, na hata mimi hakuniambia.

"Ukivunja mwenyewe, halali yako," alisema. "Kuambiwa, hapana."

Ulikuwa utani wetu. Tulijuana kwa mafumbo ya namna hiyo, yale ya ukurasa wa nyuma wa gazeti, tulipokuwa wanagenzi wa karakana moja, tukipokezana kalamu wakati wa mapumziko. Yeye ndiye aliyenifundisha: usikisie, tafuta kwanza herufi isiyo na pa kukimbilia.

Mwaka ule, chini kabisa ya mlango, palizuka safu mpya. Kila mteja alikuwa na alama yake: ua, ufunguo, samaki. Safu hii haikuwa na kitu. Nilimuuliza ni ya nani.

"Mteja."

"Mteja gani hana alama?"

"Asiyetaka kujulikana," akasema, akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Wifi hakuinua macho. Fundi alipotoka kufuata huo uzi wake, ndipo aliponiambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. "Kaka yangu nampenda, wifi. Lakini wewe umesimama uwanjani na mwamvuli umeuacha ndani."

Jioni nilipanga nguo zangu sandukuni, nikalisukuma chini ya kitanda. Kabla ya kwenda kwa kaka yangu nilitaka jambo moja tu, kulijua umbo la huyo mwanamke.

Kesho yake, Fundi alipotoka tena, nilifungua kabati.

KZ + KZ = AZZ
MR + MR = RS
MT + MT = RM
MM + MM = SS

Alipima kwa nusu, mbele na nyuma, kisha akajumlisha. Mstari wa kwanza ulijisalimisha wenyewe. Z na Z zimezaa Z. Ni sifuri tu iwezayo hivyo. A ni moja, maana namba mbili za tarakimu mbili hazifiki mia mbili. Basi K ni tano. Sentimita mia. Nilishangaa, wivu wangu ulikuwa umemchora mwembamba.

Mstari wa pili ulikubali majibu matatu. Arobaini na nane ni kiuno cha kitoto, nikalitupa. Sabini na nne nikalikumbatia. Kiuno cha nyigu! Kumbe wako wawili. Nilikaribia kufurahi, kwa furaha ile mbaya ya aliyekuta alichokuwa akikiogopa.

Mstari wa tatu ukanikatalia. Ili sabini na nne isimame, M ilibidi iwe tatu, na hapa jumla iliishia na M. Namba ikijumlishwa na yenyewe haizai witiri, hata ukiipigia magoti. Likabaki jibu moja, tisini na nane. Kutoka hapo mengine yalifunguka bila kuguswa: tisini na nne, kisha themanini na nane.

Hawakuwa wanawake wanne. Alikuwa mtu mmoja, anapungua.

Suruali yake ya kijivu ilikuwa mezani, imefumuliwa kiunoni, pini zikingoja. Niliigeuza. Mishono ya zamani ilikuwa imeacha nyayo kwenye kitambaa, mmoja ndani ya mwingine. Kila alipokonda alikuwa ameifuata nguo mbio, ili nisione nafasi.

Alirudi mikono mitupu, bila uzi, akinukia dawa ya hospitali. Nilichukua utepe wa kupimia.

"Simama."

"Leo umekuwa fundi?"

Aliitazama suruali mezani, akautazama mlango wa kabati ulio wazi, kisha akainua mikono kama wateja wanavyofanya. Nilimzungushia utepe, nikasoma, nikaenda mlangoni na chaki. Arobaini na tatu, mara mbili. Nne nilikuwa nayo. Nane nilikuwa nayo.

"Tatu ni ipi?"

Pasi ya wifi ilisimama.

"L," akasema. Kisha, kabla sijamuuliza: "Sita ni N."

Nikaandika mstari wa tano. Mlango ule ninao hadi leo, umeegemea ukuta wa chumba changu. Kuanzia mstari huo kwenda chini, mwandiko wote ni wangu.