Njiani Kufuata Majibu

Flavian ndiye aliyetoa wazo la baiskeli. "Mahindi tumeshavuna, Mama Adela. Jumatano tufuate njia ya mtoni, taratibu, tukale chipsi Sumbawanga." Mkewe, Rozina, alikubali upesi mno. Jumatano hiyo hiyo alikuwa na safari yake ya mjini, ambayo hakuwa amemwambia mtu.

Wiki tatu nyuma, alipoaga kwamba anakwenda kumwona dada yake, alipitia hospitali akakatwa kinyama kidogo kwenye titi kwa ajili ya kipimo. Aliambiwa afuate majibu Jumatano hii, kabla ya saa nane mchana.

Walitoka jua likianza kuvunja baridi. Rozina alikanyaga pedeli kama anayefukuzwa, upepo ukimpiga usoni. Nyuma yake mumewe alipiga mluzi, na kila mwendo mfupi alikuwa na neno: tunywe maji kwanza, njoo uone korongo hawa, ngoja nikaze cheni. Cheni ile aliikaza mara tatu. Darajani walimkuta mzee Kasmir akifua blanketi. Flavian akashuka, akamwamkia, akakaa naye mpaka habari za ng'ombe zikaisha.

Saa sita na nusu alikaa tena, juu ya jiwe, akaanza kumenya kiazi cha kuchemsha.

"Baba Adela, twende bwana!"

"Tunakimbilia wapi?"

"Basi baki. Mimi natangulia."

"Rozina."

Akageuka. Tangu wamzae Adela hakuwa amemwita kwa jina.

"Kadi ya hospitali yenye tarehe ya leo niliiona Jumapili," alisema Flavian, macho yakiwa kwenye kiazi. "Ndani ya kitabu chako cha nyimbo. Gari lingetufikisha asubuhi. Nilitaka tuchelewe kidogo. Niliogopa."

Hasira zilimpanda Rozina. "Siku tatu unajua, umenyamaza?"

"Na wewe je? Wiki tatu."

Machozi yalimjia Rozina pamoja na kicheko, akayafuta kwa ncha ya kitenge. "Panda," alisema. "Na cheni usiiguse tena."

Walifika saa nane kasoro dakika kumi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Daktari, dada mmoja mpole, aliwakalisha. Ilikuwa saratani. Lakini ilikuwa ndogo, bado haijasambaa, na wangepewa barua ya kwenda kufanyiwa upasuaji Mbeya wiki ijayo.

"Mmewahi," alisema.

Flavian alimwomba arudie. Alirudia.

Nje, Rozina alitembea kutoka getini hadi ukutani, akarudi, akaenda tena. Hofu ilikuwepo bado, lakini sasa hakuibeba peke yake. Alitoa simu, akampigia binti yao aliyekuwa akifundisha shule Chala.

"Shikamoo mama. Mbona mchana huu?"

"Marahaba. Baba yako yuko hapa," alisema Rozina, akimvuta mumewe asogee. "Tafuta kiti, mwanangu. Kaa kwanza."